Ghala la Mambo Yaliyochukuliwa

Shangazi yangu alikuwa akilala kila siku saa saba na robo mchana, kazini, juu ya rundo la shuka za moto, na hakuna msimamizi aliyethubutu kumwamsha. Tulifanya kazi pamoja katika chumba cha kufulia cha hospitali kubwa. Yeye alikuwa kwenye mashine ya pasi, ile yenye vyuma viwili virefu vya mviringo vinavyomeza shuka lenye makunyanzi na kulitema upande wa pili limenyooka. Mimi nilikuwa huo upande wa pili, nakunja. Mvuke haukuisha mle ndani. Asubuhi ungeona watu. Ikifika mchana ungeona vivuli tu, na sauti zinatoka usikojua ni wapi. Ukikaa mle miaka mingi, unaanza kuishi nusu macho, nusu usingizini. Sisemi vibaya, nasema nilivyoona.

Kazini walimwita "wewe wa pasi". Mtaani aliitwa Katibu. Kati ya majina hayo mawili kulikuwa na mwendo wa nusu saa kwa miguu, na jioni nikitembea nyuma yake nilikuwa naona mgongo wake ukinyooka hatua kwa hatua, kama naye ametoka kupitishwa kwenye mashine yake mwenyewe. Alikuwa katibu wa tawi la chama kwa miaka ishirini na sita. Chama chetu ni kile kilichoahidi kwamba mgonjwa atatibiwa kwanza na kuulizwa baadaye, na kwamba anayefua shuka atasikilizwa sawa na anayezilalia. Shangazi aliyaamini hayo yote. Mumewe alikutana naye kwenye chama, na alimzika akiwa na kadi yake ya chama mfukoni.

Alikuwa na daftari moja la jalada gumu jeusi. Ukilifungua mbele, unakuta mihtasari ya vikao. Ukiligeuza na kulifungua kwa nyuma, unakuta ndoto zake za mchana. Aliziandika mara tu anapoamka, kwa sababu alisema ndoto ya mchana haina subira. Na kwa kuwa hakujua kuandika kwa namna nyingine, aliziandika kama vikao.

"Ndoto ilifunguliwa saa saba na dakika ishirini. Waliohudhuria: mimi, marehemu mume wangu, na mbuzi mmoja mwalikwa. Marehemu aliuliza funguo ziko wapi. Mbuzi alitaka ufafanuzi. Ndoto ilifungwa na kengele ya kazi."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. "Cheka tu," aliniambia. "Ipo siku utaitafuta ndoto yako usiione, utakuja kuazima kwangu."

Upande wa mbele sikuucheka. Huko kulikuwa na neno moja lililonipandisha hasira kila nilipoliona. Mwanachama akisimama kikaoni kusema shida, mjumbe wa makao makuu alijibu, kalamu yake ikiwa bado mfukoni: "Hilo tumelichukua." Basi shangazi aliandika hivyo hivyo. Taa ya barabara ya nyuma ya hospitali, limechukuliwa. Kivuko cha miguu pale magari yanapokata kona, limechukuliwa. Zamu za wafuaji zipunguzwe, limechukuliwa. Miaka ishirini na sita ya kuchukuliwa! Nilimwambia wazi kwamba mwizi ana afadhali, kwa sababu akichukua, huwa hasemi asante kwa michango yenu.

"Usiseme hivyo, mwanangu," alinijibu. "Chama ni kikubwa. Mambo yana foleni."

Mwaka ule foleni ilikatika. Wanachama walipiga kura za maoni na kumchagua Nesi wa wodi ya watoto awe mgombea wetu. Alimshinda Mheshimiwa, aliyekikalia kiti miaka ishirini na kututembelea kila alipokumbuka kwamba tunapiga kura. Kwa kila kura moja ya Mheshimiwa, Nesi alipata nne. Tuliimba mpaka sauti zikakauka. Wiki mbili baadaye makao makuu yalirudisha jina la Mheshimiwa, "kwa maslahi mapana ya chama". Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja: muhtasari wa tawi unaosema kwamba wanachama wameafiki kwa kauli moja, wenye saini ya katibu na muhuri. Na muhuri alikuwa nao shangazi, umefungwa kwenye kitambaa ndani ya kopo la majani ya chai, chini ya kitanda chake.

Alhamisi Mjumbe mwenyewe alikuja mpaka chumba cha kufulia. Alitokea kwenye mvuke akiwa na suti na karatasi iliyokwisha kuchapwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Angalia, usisimame hapo, utalowa."

"Katibu, wewe ni mtu mzima, unaelewa. Tufunike kombe mwanaharamu apite. Uchaguzi ukiisha tutakaa, tutazungumza."

"Kombe tumelifunika miaka yote hii," alisema shangazi, akiendelea kulisha shuka kwenye mashine. "Mwanaharamu hapiti. Amejenga kabisa."

Mjumbe alicheka, kisha akaacha kucheka. Alisema Jumamosi atakuja kikaoni kusikiliza, kwa heshima tu, lakini karatasi isipotiwa saini tawi litavunjwa na muhuri utarudi makao makuu. Aliiweka karatasi juu ya shuka safi. "Fikiria, mama. Miaka ishirini na sita si mchezo."

Alipoondoka nilisema, "Shangazi, tukihame tu hiki chama."

"Nihamie wapi? Mwenye nyumba hahami. Wao ndio wapangaji. Wamekaa sana tu, wakasahau."

Maneno yalikuwa ya mtu asiye na hofu, ila mikono yake haikuwa hivyo. Shuka tatu zilipita zimepinda, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nilijua anahesabu nini. Akitia saini, uongo utakaa kwenye daftari kwa mwandiko wake. Asipotia, basi yeye ni wewe wa pasi, kazini na mtaani na mpaka kitandani kwake. Niliogopa kwa ajili yake, na niliwachukia wale watu kwa chuki ambayo sijui kama imeisha.

Ijumaa alilala mchana kama kawaida. Alipoamka uso wake ulikuwa umelowa, na sidhani ulikuwa mvuke. Aliligeuza daftari, akaandika kurasa mbili bila kuinua kichwa. Hakunisimulia.

Kikao cha Jumamosi kilikuwa kwenye darasa la watoto wadogo, saa tisa alasiri. Jua lilikuwa linaingia kwa upande na vumbi la chaki linaelea polepole, na watu wazima tumejikunja kwenye madawati kama tumerudishwa darasa la kwanza. Magoti ya Mjumbe yalikuwa karibu na kidevu. Mwenyekiti wetu alikuwa fundi saa, mtu mpole anayeogopa watu wote na kuheshimu kitu kimoja tu, nacho ni utaratibu.

"Ajenda ya kwanza, kusoma muhtasari wa kikao kilichopita. Katibu."

Shangazi alisimama. Miwani yake alikuwa ameisahau juu ya mashine ya pasi. Alilifungua daftari, akalisogeza mbali na macho, akaanza kusoma kwa sauti yake ya kikao.

"Tulifika mbele ya ghala saa saba na nusu mchana. Ghala halikuwa na mwisho. Ndani kulikuwa na rafu, na kwenye rafu kulikuwa na yale yote yaliyochukuliwa."

Alikuwa amelifungua kwa nyuma! Naye aliligundua, nilimwona akilisogeza daftari karibu, kisha mbali tena. Baadaye aliniambia kwamba alitaka kuligeuza, lakini watu walikuwa wameshainua nyuso, na hajawahi kuona nyuso zile kwenye kikao. Akaendelea.

"Taa ya barabara ya nyuma ilikuwepo. Ilikuwa inawaka, imefunikwa gunia. Kivuko cha miguu kilikuwepo, kimekunjwa kama shuka. Kiliguswa, kikaonekana bado ni kipya. Mlinzi wa ghala aliulizwa kwa nini vitu hivi havitoki. Alijibu kwamba kazi yake ni kupokea. Kwenye rafu ya mwisho alionekana Nesi, amekaa na sare yake, ana kibandiko cha jina kwenye kidole cha mguu. Aliulizwa kama amekufa. Alijibu hapana, amechukuliwa. Ndoto ilifungwa kabla hajashushwa."

Nesi mwenyewe, dawati la mbele, alikuwa anaangalia viatu vyake.

Bawabu wa hospitali akasimama, mzee asiyejua utani. "Mwenyekiti, napendekeza muhtasari uthibitishwe kuwa ni kumbukumbu sahihi."

"Naunga mkono," alisema dereva wa gari la wagonjwa.

Mwenyekiti alimtazama Mjumbe, akatazama dari, kisha utaratibu ukamshinda. "Wanaoafiki?"

Mikono yote ilipanda. Wangu nilikuta uko juu, sikumbuki nikiuinua.

"Yatokanayo?" aliuliza Mwenyekiti kwa sauti ndogo.

"Ile taa, Katibu," alisema bawabu. "Inawaka kweli?"

"Inawaka."

"Na kivuko," aliuliza mama mmoja ambaye mwanawe aligongwa pale kwenye kona. "Kinafika ng'ambo?"

"Kinafika, mwenzangu. Nilikipima kwa macho."

Mama yule akaitikia kwa kichwa, akakaa. Hakuna aliyecheka, na mimi nilikuwa nalia waziwazi.

Mjumbe alijitoa kwenye dawati kwa shida. "Ndugu wanachama, hisia zenu nimezisikia. Suala la mgombea hilo tumelichu..."

"Hapana," alisema shangazi, kwa upole, kama unavyomkataza mgeni kubeba kikombe chake jikoni. "Hili usilichukue. Liache hapo mezani."

"Liache!" alisema bawabu.

"Liache!" likasema darasa zima.

Mjumbe aliondoa mkono wake mezani haraka, ingawa pale mezani hapakuwa na kitu. Kisha akakumbuka yeye ni nani. Akatangaza kwamba tawi limevunjwa, akaomba muhuri. Shangazi alilifungua kopo la majani ya chai alilokuja nalo, akakunjua kitambaa, akampa kwa mikono miwili. Kitambaa alibaki nacho. Mjumbe alipotoka, shangazi aliligeuza daftari upande wa mbele, akaandika huku amejivuta nyuma kwa kukosa miwani. Nilisoma juu ya bega lake: "Muhuri: umechukuliwa. Nesi: hakuchukuliwa."

Njiani mgongo wake haukunyooka. Alilia bila kujificha, na watu walitupisha.

"Mwanangu, sasa mimi ni nani?"

Tulifika kona ya mtaa wetu. Mama muuza nyanya alikuwa anazipanga upya, kubwa mbele na ndogo nyuma. Hakuwa kikaoni, lakini habari ilikuwa imeshamfikia, kwa sababu mtaa wetu hauhitaji redio.

"Katibu!" aliita. "Kikao kijacho lini?"

"Nimenyang'anywa muhuri, mama."

Muuza nyanya alimtazama kana kwamba ameambiwa jambo la kitoto. "Kwani Katibu tulikuwa tunauita muhuri?"

Shangazi alifuta uso kwa kile kitambaa. Kisha akalihamisha daftari kutoka kwapani hadi mkononi.

"Jumamosi," alisema. "Saa tisa. Darasa hatutapewa tena, kwa hiyo uje na kiti chako."