Bawa la Kahaso

Hiribae alikuwa fundi wa vitanda mjini Garsen, na kabla ya mafuriko hakuwahi kuunda kitu kinachoruka. Aliyeunda ni binti yake, Kahaso, aliyekuwa kidato cha tatu. Aliomba dukani kwa Diriye lile povu jeupe gumu linaloshikilia televisheni ndani ya katoni, akalikata likawa bawa moja pana lililopinda katikati, lisilo na kiwiliwili wala mkia. Alitaka kulipeleka kwenye maonyesho ya sayansi. Kila alipolirusha kutoka juu ya tuta la mto Tana lilipinduka kinyumenyume, likajibwaga matopeni, naye akacheka na kwenda kuliokota.

Kisha Tana ikafurika. Barabara ilikatika pande zote mbili, na Kahaso akashikwa na homa nyumbani kwao, kijijini Idsowe. Mashua ya kumvusha ilipopatikana, alikuwa hamtambui tena mama yake. Hakufika hospitalini. Walimzika kwenye mwinuko kando ya barabara, kwa sababu makaburi ya kijiji yalikuwa chini ya maji.

Maji yalipopungua, Hiribae alilikuta bawa limechomekwa kwenye makuti ya paa, kavu kabisa. Alilibeba hadi kwa Mwalimu Mansur, aliyekuwa akimfundisha Kahaso fizikia.

"Alikosea wapi, mwalimu?"

Mansur alilisawazisha juu ya vidole viwili. "Uzito umekaa nyuma mno, mzee. Ndege isiyo na mkia inataka pua nzito. Halafu ukingo wa nyuma uinuliwe kidogo, huo ndio unaoshika kazi ya mkia." Alimrudishia bawa lake. "Ningemwambia. Alikuwa bado hajaniuliza."

Tangu siku hiyo, kila akitoka karakana, Hiribae alipanda tuta. Alipachika puani chubwi, kile kipande cha risasi kinachozamisha nyavu, na bawa likashuka moja kwa moja na kuvunjika pua. Akaunda pua mpya. Akauinua ukingo wa nyuma, lakini akauinua mno: bawa likapanda, likasimama hewani kama lililosahau njia, likaporomoka. Akaushusha kidogo. Sasa likawa linayumba huku na huku, akabandika vibati vidogo vilivyosimama kwenye ncha mbili. Bado lilikuwa linageukia mtoni, maana upande wa kushoto ulikuwa umepindwa na jua. Akaukata akaweka mwingine. Wa kulia nao ukawa mzito kuliko mwenzake, akaubadilisha pia, akaupiga msasa mpaka ukawa laini kama yai.

Watu walipita wakamwonea huruma. Wengine walisema ni mambo ya msiba, yatamwisha. Yeye mwenyewe alijua kwamba akiwa ameshika msasa hasikii kitu, na akiuweka chini tu anasikia tena ile pumzi ya mtoto ndani ya mashua.

Halafu jioni moja bawa likaruka. Lilitoka mkononi likateleza juu ya upepo, limetulia, bila kuinama wala kuyumba. Likavuka mashamba ya mpunga, likapita vichaka vya mathenge, likatua mbali nyasini. Hiribae alingoja kusikia furaha ndani yake. Hakusikia chochote.

Mkewe, Kache, alikuwa amemfuata. Alikwenda kuliokota, akarudi nalo akiligeuzageuza.

"Baba Kahaso, lile la mtoto liko wapi?"

"Ndilo hilo."

"Silo. Alikuwa ameandika jina lake hapa kwa kalamu, upande wa kushoto."

Hiribae alitazama. Povu lilikuwa jeupe tupu. Vile vipande vya zamani alikuwa amevifagia pamoja na maranda na kuvichoma nyuma ya karakana, bila kuvitazama mara mbili.

"Nilikuwa nalitengeneza," alisema.

"Nani alikutuma?"

Alimpokonya bawa, akang'oa chubwi, akaukunja ukingo chini na kulirusha. Likaanguka. Akalirusha tena, na tena, akitaka lipinduke kinyumenyume kama lilivyokuwa likipinduka kwa Kahaso. Lilianguka kwa ubavu, lilianguka kwa pua, lilizunguka kama jani, lakini kule kupinduka kwenyewe hakukuja. Mwishowe lilikatika katikati.

Kache alikuwa amekaa juu ya tuta, leso yake imelowa tope. "Acha sasa," alisema kwa sauti ndogo. "Acha, baba."

"Nikiacha, mikono yangu niiweke wapi?"

Hiribae hakungoja jibu. Aliteremka tuta peke yake. Mkewe alibaki pale na vile vipande viwili mapajani, akivipapasa kwa kidole gumba upande wa kushoto, huku giza likianza kuingia mashambani.