Chupa ya Chai ya Jirani

Kila jioni, jirani wa Lenah pale Umoja huipangusa chupa yake ya chai kwa upindo wa leso, polepole, kana kwamba anamwogesha mtoto mchanga, kisha huiweka dirishani, maua yake mekundu yakitazama mlango wa Lenah. Anaringa, huyo! Aliinunua kabla kodi ya bidhaa za nje haijapanda. Sasa dukani hazishikiki. Lenah huichungulia roho ikimuuma.

Jana alikaribishwa chai. Jirani akaimimina kutoka kwenye sufuria, imeshapoa.

"Na chupa je?" Lenah akauliza.

"Ikivunjika, Mama Javan, kwa kodi hii nitapata wapi nyingine?" Akaipangusa tena.

Lenah akanywa chai yake baridi, macho yamegandia yale maua. Ingekuwa yake, naye asingeitia hata tone.