Siku Niliyomeza Kahawa ya Mtihani

Nilimaliza kidato cha nne miaka ile ya Ujamaa nikiwa na mdomo usiotulia na hamu ya kila kitu. Niliposikia kwamba mjini Moshi wanatafuta mwonjaji wa kahawa, mtu wa kuamua ipi nzuri na ipi mbovu kabla haijauzwa ng'ambo, nikajua kazi hiyo ni yangu. Waonjaji wote walikuwa wanaume. Nikaona hiyo ni shida yao.

Siku ya mtihani tulikuwa watano, mwanamke mimi peke yangu. Mezani palikuwa na vikombe ishirini, na chini beseni la kutemea. Mwonjaji mkuu, mzee mwenye koti jeupe, akatueleza: kimoja kina kasoro, mkitaje na mseme imetokana na nini.

Wa kwanza akavuta kahawa kijikoni, fyooo, kisha akatema. Nilishtuka! Kwetu Machame, ukitema alichokupa mtu mzima mbele ya macho yake, umemtukana yeye na ukoo wake. Zamu yangu ilipofika nikavuta, nikameza. Cha pili nikameza. Kufika cha kumi moyo ulikuwa unanienda mbio kwa kahawa, na kijiko kinagongagonga kikombe.

"Binti, unaumwa?"

"Hapana, mzee."

"Mbona hutemi?"

"Naogopa kukukosea adabu, mzee."

Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mzee hakucheka. "Hapa adabu ni kutema," akasema. "Endelea."

Kikombe cha kumi na nne hakikuhitaji hata kijiko. Nilikiinamia tu, harufu ikanipiga puani, na nilitaka kupiga kelele kwa furaha. Nyumbani, tangu darasa la tatu, kuosha kahawa iliyomenywa ilikuwa kazi yangu, na niliwahi kuisahau kwenye pipa ikachacha, nikachapwa.

"Hii imekaa kwenye pipa bila kuoshwa," nikasema. "Siku tatu, au zaidi."

Wawili kati ya wale wanaume walikuwa wamesema imeungua, wawili hawakuona kitu. Mzee akatazama karatasi yake, akaikunja. "Jumatatu uje na viatu vya chini. Hapa tunasimama kutwa."

Jamani, nilivyofurahi! Niliposhuka kwenye basi nilikimbia kilima chote mpaka shambani, nikamkuta mama anachuma, kikapu kiunoni.

"Nimepata, mama! Mimi ni mwonjaji!"

Alipiga vigelegele peke yake mpaka jirani akaitikia kutoka ng'ambo ya migomba. Kisha akanitazama kwa haya, kama mgeni anayeomba maji.

"Sasa wewe unajua," akasema. "Hebu niambie, hii yetu ina ladha gani?"

Miaka yote aliilima, akaichuma, akaianika, ikaenda zake, na sisi tukanywa chai. Nikachota buni kavu kiganja kimoja kwenye mkeka wa kuanikia, nikaenda kuwasha moto niikaange.