Keria ya Baba Mdogo

Sio BMX? Wewe nani wa kusema sio BMX? Umeona keria, ukacheka, macho yako yakaishia hapo. Inama basi! Angalia springi chini ya siti. Angalia tairi, zina meno kama za pikipiki ya matope. Na hapo mbele kuna kibao cha namba, saba, wakati haijawahi kushindana na mtu.

Hivyo ndivyo nilivyomjibu rafiki yangu, Mkenya, anayekusanya baiskeli za zamani. Alikuwa amesimama kwenye gareji yetu hapa Doonside, huku ughaibuni, anacheka.

“Buda, hii ni ya kubeba mkaa.”

Nikamwambia toka. Hakutoka, amenizoea.

BMX za mwanzo zilikuwa hivyo. Watoto walitaka pikipiki za motokrosi, zile za kuruka vilima vya udongo, na hawana. Viwanda vikawatengenezea baiskeli inayojifanya pikipiki: springi, kibao cha namba, mpaka tangi la mafuta la bandia kati ya siti na usukani. Haya hakunifundisha mtu. Nimeangalia video, nimefungua, nimeharibu, nimefunga tena.

Yangu haina tangi. Aliling'oa baba mdogo, aliyenilea.

Baiskeli aliiokota yeye, kando ya barabara, ile wiki watu wanatoa vitu vibovu nje ili kaunso, yaani manispaa, ije kubeba. Mimi nilivyoiona nikapiga kelele za furaha. Yeye akagonga tangi kwa kidole.

“Hili linaweka nini?”

“Haliweki kitu, baba mdogo. Ni urembo.”

“Urembo unabeba nani?”

Kule kambi ya wakimbizi, Kigoma, alikuwa anaishi kwa kubeba watu na mihogo. Kwake yeye, baiskeli bila keria ilikuwa bado haijaisha kutengenezwa. Akachukua grinda, tangi likaenda na takataka. Akachomelea keria ya vyuma vya kitanda, nzito, mbaya. Nililia kwa hasira. Chakula alichopika sikukigusa.

Halafu mapafu yakamshika. Gari hatuna, na daktari yuko ng'ambo ya stesheni. Nikawa namkalisha kwenye keria, mikono yake kwenye mbavu zangu, tunaenda polepole. Mwanzoni tairi la nyuma lilikuwa linabonyea, napanda kilima huku natukana. Baadaye likaacha kubonyea. Alikuwa amekonda, amekuwa mwepesi. Siku moja akasema, huku anakohoa:

“Unaona? Kwenye tangi ningekaa wapi?”

Tumemzika baridi hii, mvua inanyesha.

Sasa rafiki yangu amepata tangi la bandia, rangi ileile. Jumapili kuna maonyesho ya BMX za zamani Rooty Hill. Nimeyatamani tangu mdogo. Sheria yao, baiskeli iwe kama ilivyotoka kiwandani.

“Tunakata keria tu, bro. Mara moja imeisha. Mzee hatajua.”

Mzee hatajua! Nilimtoa nje nimemkamata shati, majirani wanachungulia. Tangi lake limebaki sakafuni. Keria ipo palepale, na Jumapili nitakaa nyumbani.

Nimeligonga lile tangi kwa kidole. Tupu.

Haya, na wewe unayeniona mjinga: hilo tangi linabeba nani?