Kofia ya miezi mitano

Jamani, kofia niliyomshonea baba kwa mkono miezi mitano, leo imegoma kuingia kichwani mwake!

Nilitaka aende nayo kuswali Ijumaa.
Kumbe kitambaa sikukiloweka kabla ya kushona. Jana niliifua, ikasinyaa.

Ikamkaa utosini kama kifuniko cha birika.

Baba kacheka mpaka machozi. "Mwanangu, una mtoto mchanga, hata hulali. Za dukani zipo."

"Zipo, baba. Ila mie napenda kushona."

Mtoto akilala, nikatoboa vile vitundu vya nakshi ya kofia kimoja kimoja, nyumba nzima huwa kama inaelea. Uchovu siusikii.

Mlangoni baba akanigeukia, akainamisha kichwa. "Haya, leta uzi unipime tena."

Nyie mmeharibu nini mkaanza upya?