Watoto Saba wa Tulia

Jirani yangu tulimwita Bi Filimbi, kwa sababu kila alipowapelekea mbwa chakula alipuliza filimbi kwanza. Miaka thelathini alikuwa mhudumu katika wodi ya watoto wachanga. Alistaafu na kufiwa na mume mwaka huohuo, na mdogo wake wa kike akamwambia, "Dada, njoo kwetu wiki mbili upumzike." Mimi nilipohamia mtaa ule na cherehani yangu, wiki mbili hizo zilikuwa zimeingia mwaka wa sita.

Alipewa chumba cha uani, na kando yake banda la bati la mbwa wake, Tulia. Chumba kilikuwa safi, ila hakikuwa na njia yake. Ukitaka kwenda barabarani ni lazima upite jikoni, kisha sebuleni, mbele ya kiti cha shemeji yake. Na huyo shemeji, meneja wa ghala, alikuwa na macho ya kukagua mizigo.

"Unatoka, shemeji?"

"Natoka kidogo."

"Utarudi saa ngapi?"

Maneno ya adabu tu. Lakini Bi Filimbi aliniambia kwamba kila akiulizwa hivyo hujikuta anashika mfuko wake, kana kwamba kuna kitu ameiba.

Mbwa ndio waliokuwa wake kweli. Tulia alikuwa amezaa mara moja, kwa dume aliyepimwa nyonga, macho na moyo, na Tulia mwenyewe alipimwa vilevile. Waliotaka watoto wale walihojiwa kuliko wachumba: una ua? Nani hubaki nyumbani mchana? Ukihama utamwacha wapi? Mwalimu mmoja alirudishwa mara mbili kwenda kujenga uzio.

Shemeji naye alikuwa na dume lake, Jemadari, kifua kama mlango. Alitaka sana Jemadari azae na Tulia. Bi Filimbi hakukataa. Alisema tu apimwe kwanza.

"Apimwe nini? Mtazame! Huyu ukimpima, itakayougua ni mashine."

Basi ikabaki hivyo, mpaka siku Bi Filimbi alipokwenda kung'olewa jino. Tulia alikuwa kwenye joto, tayari kupandwa, naye alimfungia bandani kwa komeo. Aliporudi, shavu limevimba, alikuta komeo limefunguliwa, Jemadari amejilaza kivulini ulimi nje, na shemeji anatabasamu.

"Nimekurahisishia kazi, shemeji."

Mdomo wake ulikuwa umejaa pamba. Hata angeweza kusema, angesema nini? Nyumba ilikuwa ya yule mtu, na banda, na hata lile komeo.

Watoto walizaliwa asubuhi moja ya mvua, saba. Nilimkuta kwenye sanduku la mbao alilolipigia ubao kuzunguka kingo zote, ili mama akijigeuza asimbane mtoto ukutani. Kila mmoja alimfunga uzi wa rangi yake shingoni. Nyuzi hizo nilimpa mimi. Kila asubuhi aliwapima kwa mizani ya jikoni na kuandika daftarini. Uzito ukisimama siku moja tu, mtoto yule alihamishiwa kwenye chuchu za nyuma, zenye maziwa mengi. Hasira zake hakuziingiza mle bandani. "Hawa hawakufungua komeo," aliniambia.

Walipofumbua macho na kuanza kuyumbayumba, kazi ikabadilika. Aliwatandikia leo gazeti, kesho changarawe, keshokutwa mfuko wa plastiki unaochakarika. Aliangusha vifuniko vya sufuria, kwanza mbali, halafu karibu. Alifungua mwavuli. Halafu akatafuta wageni: mwenye miwani, mwenye ndevu, mama mwenye magongo, watoto wa kukaa chini na kutulia. Mimi kazi yangu ilikuwa kuvaa kofia pana na kula karanga bila kumtazama mbwa yeyote, mpaka waje wenyewe kuninusa. Sijapata kulipwa heshima kubwa namna ile kwa kukaa kitako. Kabla hawajamaliza chanjo aliwabeba kwenye kapu hadi sokoni, waone pikipiki na makelele bila kukanyaga chini. Siku hizo ndizo alizopita sebuleni kichwa juu. Akiulizwa anakwenda wapi, alijibu, "Nawapeleka watoto wakaione dunia."

Wiki ya sita daktari wa mifugo akaja. Alimsikiliza kila mmoja kifuani, na alipofika kwa Uzi wa Kijani akarudia mara tatu. Kisha Uzi Mweupe.

"Mioyo ya hawa wawili ina sauti ya ziada," alisema. "Kama maji yanayolazimishwa kwenye bomba lililobanwa. Kwa aina hii ya mbwa, mara nyingi ni ya kurithi. Mama nilimpima mimi, ni mzima. Baba ni nani?"

Bi Filimbi alinyoosha kidole kuelekea nyumba kubwa.

Tatizo ni kwamba Uzi wa Kijani, aliyenenepa kuliko wote, shemeji alikwisha kumwahidi mkurugenzi wake. Jioni ile shemeji na mkewe walimwita Bi Filimbi sebuleni. Mdogo wake alikuwa anakunja nguo ile ile, anaikunjua, anaikunja tena.

"Anakula? Anacheza? Basi ni mzima," shemeji alisema. "Utanyamaza, na Jumamosi mgeni atachukua mbwa wake."

"Dada, tafadhali," mdogo wake alisema kwa sauti ndogo. "Ukiharibu hili, mimi nitauweka wapi uso wangu?"

Siku tatu zilizofuata Bi Filimbi alizunguka mitaa minne akitafuta chumba. Wenye nyumba walimpenda mpaka alipotaja mbwa. "Wewe peke yako, hata leo karibu," mmoja alimwambia. "Hao wanane, hapana." Alirudi akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, watoto wakaning'inia kwenye pindo la gauni lake. Akaniambia, "Fundi, nikisema kweli sina pa kulala. Nikinyamaza sina usingizi."

Jumamosi mkurugenzi akaja, mzee mpole, na mjukuu wake wa kike aliyekwisha kuchagua jina. Shemeji alimpakata Uzi wa Kijani akimsifia. Bi Filimbi alisimama kwenye mlango wa jikoni.

"Mzee, samahani. Mbwa huyo ana ugonjwa wa moyo. Anaweza kuanguka siku yoyote akikimbia."

Yule mzee akamtazama. "Ungekuwa wewe, ungemchukua?"

"Ningemchukua, maana nimemzoea. Lakini mjukuu wako nisingempa."

Mgeni alishukuru, akaondoka na mjukuu anayelia. Shemeji alibaki amesimama. "Umenivua nguo mbele ya bosi wangu," alisema, na tangu hapo hakumsemesha. Bi Filimbi alipopita sebuleni, hakuulizwa tena saa ya kurudi. Ungedhani ni nafuu. Haikuwa.

Kwa wale watano wazima, aliwapigia simu watu waliokuwa wameandikisha majina kuwataka, akaeleza ya baba yao bila kuficha, na kwamba wapimwe tena wakikua. Wawili walijitoa, akatafuta wengine. Walikwenda wakiwa na wiki tisa, mmoja mmoja, kila mmoja na karatasi ya dawa za minyoo, chanjo na chakula. Wagonjwa wawili walibaki naye.

Miezi minne baadaye Jemadari alikimbilia lango na kuanguka kama gunia. Alizinduka. Nilimsikia shemeji akiita, sauti imekatika, "Shemeji! Shemeji, njoo umshike kichwa!" Ndilo neno la kwanza tangu Jumamosi ile. Bi Filimbi alikuja mbio, akaweka sikio kifuani kwa yule dume, wakampeleka kwa daktari pamoja. Kuomba radhi hakukuwapo. Kulikuwa na vidonge, asubuhi na jioni, na Jemadari alivikataa kwa kila mtu isipokuwa kwake.

Mwezi uliopita mwenzake wa zamani wa wodini alimpatia chumba chenye mlango wake, na wenye nyumba walikubali kuwapokea Tulia na wale wawili. Alimwambia shemeji akiwa na furaha ya msichana.

"Na Jemadari atapewa dawa na nani?" shemeji aliuliza. "Hapana, shemeji. Sasa huwezi kuondoka. Wewe ni wa hapa."

Mdogo wake alitabasamu, akadhani hayo ni mapatano. Bi Filimbi aliponisimulia alikuwa anaponda kidonge ndani ya kipande cha ini. Nilimuuliza atafanyaje.

"Sijui, fundi," alisema. "Moyo wa Jemadari unaweza kwenda miaka miwili, unaweza kwenda mitano." Akafuta mikono, akapita jikoni, akaingia sebuleni kumtafuta mbwa.