Barua Iliyonificha

Ipo siku moja haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na ndiyo nitakayokusimulia. Nyingine nilizopoteza hazina faida kwako. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi moja kule Bangwe, kando ya ziwa, nimevaa shati jeupe la kuazima kwa shemeji yangu, bahasha ya kaki iko mapajani. Ndani ya bahasha ile alikuwamo mtu anaitwa Yasini Juma. Huyo bwana alijua Kiingereza cha kuongea na kuandika, alipenda kusoma vitabu, na aliwahi kuwa afisa usafirishaji Dar es Salaam. Mimi simjui. Mimi ni Yasini Ntahondi wa Ujiji, darasa la saba, na Dar nilikuwa sijaikanyaga.

Nakueleza haya kwa sababu nawaona. Mnapita mlangoni kwangu na karatasi kwapani, mmetoka steshenari, mnaniambia shikamoo mzee. Nikiomba nisome wasifu wenu, hiyo mnayoiita sivii, nakuta ni uleule niliousoma kwa mwenzio juzi, jina tu limebadilika. Sikucheki. Kiu ya kazi naijua. Najua mtu anavyoamka asubuhi hana pa kwenda, anakunywa chai ya mama yake huku anaona haya. Ndiyo maana nataka unisikilize kidogo.

Mimi toka nina miaka kumi na saba nilikuwa mwaloni Kibirizi, pale maboti ya mzigo yanapopakia. Nilianza kwa kubeba magunia ya chumvi. Baadaye nahodha mmoja aliona najua kuandika, akanipa daftari, niwe naandika gunia la nani linakwenda kwa nani. Nikavuka naye ziwa miaka tisa. Rumonge nakujua, Uvira nakujua. Kiha nilinyonya kwa mama yangu, Kirundi nilikiokota ng'ambo, na hizo lugha mbili ni ndugu, ukiijua moja nyingine haikunyimi. Mama mwenye mzigo akilia kwamba dumu lake la mawese limepotea, nahodha alikuwa anasema, "Muiteni Yasini amsikilize." Nilikuwa na kazi kichwani mwangu, mwanangu, ila sikujua kama hiyo ni kazi.

Sasa nitawataja walioniponza, maana wamekula chumvi nyingi na hawajawahi kuniomba radhi.

Wa kwanza ni Kasimu Luhaga, jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Tuligombana kwa ajili ya mpaka wa ua, akaenda kusema kwa wakubwa kwamba mimi ni Mrundi niliyejiingiza. Ushahidi wake ni nini? Jina langu, na jinsi ninavyoongea. Nililala mahabusu siku tatu, hadi mwalimu wangu wa shule ya msingi, mzee mgonjwa, alipokuja akitembea kwa fimbo na rejista ya shule mkononi. Nikatoka. Lakini tangu siku hiyo nikawa mtu wa kufunga mdomo. Kiha nikakiacha nyumbani. Kirundi nikakizika kabisa. Ukinisalimia kwa Kirundi njiani, nakutazama kama sisikii.

Wa pili ni Sudi Mrisho, mwenye steshenari. Nilisikia kijiweni kwamba kuna shirika linalopokea wakimbizi wanaovuka ziwa, linataka watu. Tangazo lenyewe sikulisoma. Nilikimbia kwa Sudi kama mtu aliyeungua.

"Jina?" akaniuliza, macho yako kwenye kompyuta.

"Yasini Ntahondi."

Akacheka. "Mshikaji, hilo la pili litakurudisha mahabusu. Baba yako jina lake la kuzaliwa nani?"

"Juma."

"Basi wewe ni Yasini Juma. Kazi umefanya wapi?"

"Mwaloni."

"Mwaloni si kazi, ni shida. Tunaweka Dar. Lugha, Kiswahili na Kiingereza."

"Kiingereza sijui, Sudi."

"Nani anajua? Wewe ukifika sema yesi, wataelewa."

Akaweka na wadhamini watatu, watu wazito ambao sijawahi hata kuwasalimia. Barua ya maombi ilikuwa tayari mle ndani, alikuwa nayo moja tu, anaibadilisha majina na kuitoa. Ilianza na maneno makubwa mno, sikuyaelewa, nikaona ndiyo mazuri. Asiyejua maana haambiwi maana.

Wa tatu wa kulaumiwa nitamtaja mwishoni.

Basi ndiyo nikawa pale Bangwe benchini. Tulikuwa vijana watano, sisi wa Ujiji watatu. Mara akaja mama mmoja, kanga yake imelowa hadi magotini, hana viatu. Alikuwa ametoka ziwani asubuhi ile. Akafika mbele yangu, akaniambia kwa Kirundi nisogee kidogo akae, miguu imemwishia. Nikasogea. Akakaa, akashika tumbo, akaanza kumlilia mlinzi wa getini: "Umwana wanje, umwana wanje."

Mtoto wangu, mtoto wangu. Mwanangu, mimi nilisikia kila neno. Alisema wametelemka watu wengi kwa pamoja, wakasukumwa kwenye magari, binti yake wa miaka sita akabaki kule mwaloni, nyuma ya boti la bluu, ameambiwa asiondoke hapo. Anaomba mtu amrudie. Alisema hivyo mara tatu, akiwa ameshika tumbo lile lililomzaa.

Mlinzi, kijana mwema tu kutoka mkoa wa mbali, alitutazama sisi wa benchini. "Jamani, kuna anayemsikia huyu?"

Wenzangu wakatikisa vichwa, na wao labda kweli hawakusikia. Nami nikatikisa. Niliona mahabusu ile. Na niliona bahasha yangu: humo ndani imeandikwa Kiswahili na Kiingereza. Nikisimama nikasema Kirundi, Yasini Juma anakufa hapohapo, na kazi inakufa naye. Nikatazama vidole vya miguu yangu.

"Tumbo linamuuma," mlinzi akasema. Wakamwita dereva, wakampakia yule mama kwenye gari wampeleke hospitali. Aliondoka akinyoosha mkono kuelekea Kibirizi, na gari likaelekea kwingine.

Nikaitwa ndani. Alikuwapo mama mmoja mtu mzima, Mama Sanga, mzaliwa wa Njombe, aliyeletwa huku kikazi. Miwani puani, dirisha liko ubavuni mwake. Nikamwambia shikamoo, akaitikia vizuri, akanikaribisha kiti. Akafungua karatasi zangu, akaanza kutabasamu.

"Nyinyi watu wa Ujiji mnapenda kusoma vitabu," akasema. "Wewe ni wa tatu leo. Kitabu gani umesoma karibuni?"

Nikaitazama bahasha yangu pale mezani.

Akaniuliza jambo kwa Kiingereza. Nikasema yesi. Akarudia kuuliza. Nikasema yesi. Akavua miwani.

"Nimekuuliza kama umewahi kufungwa kwa wizi, kijana. Umesema ndiyo mara mbili."

Nguo ya kuazima haisitiri matako, na siku hiyo yangu yote yalikuwa nje. Akaniambia cheti changu cha shule kina jina la Ntahondi na barua ina Juma, je, nimeiba cheti? Akampigia simu palepale mmoja wa wadhamini, yule bwana akasema hajawahi kunisikia. Hakuwa akifoka. Nilitamani afoke.

Halafu akasema, "Sasa niambie jambo moja tu, usilitafutie jibu zuri. Yule mama aliyelia hapo nje, ulimsikia?"

"Hapana, mama."

"Alikuambia usogee. Nilikuwa dirishani. Wenzako wanne walimtazama tu mdomo. Wewe ulisogea."

Mwanangu, njia ya mwongo ni fupi, lakini sikujua kwamba inaweza kuwa fupi kama upana wa benchi. Nikasema yote: mtoto, boti la bluu, Kibirizi, miaka sita. Sikumaliza, Mama Sanga alikuwa ameshasimama mlangoni anaita dereva mwingine. Akarudi akanishika bega. "Twende, na wewe ndani ya gari. Nani mwingine atazungumza na huyo mtoto?"

Tulimkuta. Alikuwa amekaa palepale alipoambiwa, mchana umeshapita, jua limemchoma, mama mmoja muuza dagaa amempa muhogo na yeye kaushika tu hajaula. Nilimwambia kwa Kirundi kwamba mama yake anamsubiri. Akaniuliza, "Mbona hakuja yeye?" Nilimbeba hadi garini.

Usiku haujaingia, wakaonana. Tumshukuru Mungu kwa hilo. Lakini saa zile alizokaa peke yake nyuma ya boti, nusu yake ni za kwangu, na hakuna mwingine wa kunibebea.

Wakati wa kurudi nilidhani sasa nitapewa kazi. Nilikuwa kijana, kichwa hakina adabu. Mama Sanga akanirudishia bahasha.

"Yasini, nilikuwa natafuta mtu aliyekulia mwaloni, anayejua kuandika, anayewasikia hawa watu. Yumo ndani yako, nimemwona leo kwa macho yangu. Lakini mimi sipeleki macho yangu kwa wakubwa, napeleka hii karatasi. Na hii karatasi imekuficha. Imejaza uongo mahali pa sifa ambazo wengine wanazilia. Siwezi kuitetea."

"Niliogopa, mama."

"Najua uliogopa. Ungeniandikia hata hilo ningelielewa kuliko hiki Kiingereza."

Nje ya ofisi tangazo lilikuwa limebandikwa ukutani, nikalisoma kwa mara ya kwanza. Anatakiwa mtu mwenye uzoefu wa mwaloni. Ajue kusoma na kuandika. Anayezungumza Kiha na Kirundi atafikiriwa kwanza. Nilisimama pale kama mtu anayesoma jina lake kwenye orodha ya waliokufa.

Kazi ile aliipata Spesioza, binti wa mtaa wa Katubuka, aliyeitwa siku ya pili. Barua yake aliiandika kwa mkono, kwenye fulskepu: ameuza samaki Kibirizi miaka minne, Kirundi anakisema, na anajua kuwanyamazisha watoto wanaolia. Ameifanya kazi hiyo hadi kustaafu, amejenga. Nami baadaye niliandika upya kwa mkono wangu, kwa jina langu lote, nikapewa kibarua cha kuwapokea watu pale ufukweni, mkataba wa miezi, unakwisha unaomba tena. Nilikula, watoto wangu wakasoma. Lakini si sawa, na sitakudanganya kwamba ni sawa. Mpaka leo nikipita nyumbani kwa Spesioza nainamisha kichwa, na si kwa wivu peke yake.

Niliahidi kumtaja mkosaji wa tatu. Kasimu alinitia woga na Sudi akaniuzia uongo, lakini aliyetikisa kichwa pale benchini ni mimi Yasini. Mikono ya Kasimu haikuwepo shingoni mwangu siku ile.

Basi mwanangu, ukitaka kazi, lisome kwanza tangazo lenyewe, ulisome kwa macho yako, usisimuliwe kijiweni. Lisome kama unajitafuta humo: wanataka nini, na wewe ulishafanya nini kinachofanana na hicho. Kisha andika hicho. Kama ulimsaidia baba kuuza mawese, andika uliuza mawese, uliwahudumia wateja, soko gani, miaka mingapi. Kama ulifundisha watoto madrasa au uliimbisha kwaya, hiyo nayo ni kazi, umesimamia watu. Usidharau mkono wako kwa sababu ulishika daftari la mwaloni.

Barua ya maombi isiwe ndefu. Ukurasa mmoja unatosha. Sema unaomba kazi ipi, sema kwa nini wewe, kwa maneno ambayo ukiulizwa maana yake unaweza kuyaeleza. Neno usilolijua usiliweke, litakuuliza wewe mwenyewe kwenye usaili. Jina la kwenye barua liwe lilelile la kwenye cheti. Namba ya simu iwe inayopatikana, maana kuna kijana hapa mtaani aliitwa kazini wiki nzima na laini yake imeshafungiwa. Na wadhamini, jamani, nenda ukawapigie hodi kwanza, uwaambie unaomba kazi gani. Mtu mdogo anayekujua anakutetea kuliko mkubwa asiyekujua. Kuuliza si ujinga. Mpe mtu akusomee kabla hujapeleka, nipe hata mimi. Aliyeko steshenari akupigie chapa tu, asikutungie maisha.

Na lugha ya mama yako usiionee haya. Najua wapo watakaokucheka, najua wapo watakaokuuliza umevuka lini. Nimeulizwa mimi, nimelazwa sakafuni kwa ajili hiyo. Bado nakuambia iandike. Wapo wanaoitafuta wasiipate, na wapo wanaolia getini wakimngoja mmoja tu anayewasikia.

Nenda basi, mwanangu, ukaandike. Mwenyezi Mungu akupe kalamu isiyokusaliti na moyo usiotikisa kichwa mahali pa kusema ndiyo. Akukutanishe na mtu wa kukusoma kwa huruma, na siku utakayokaa wewe upande ule wa meza, akupe dirisha la kuwaona watu kabla hujafungua karatasi zao. Amina.